Avelina Haule na Kikombe Kilichofunikwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama mpo jikoni, endeleeni na kazi, sauti itawafikia hukohuko. Anayezungumza nanyi ni Hamida Lukanga, na kwa muda wote wa kipindi hiki tutakuwa na mtu mmoja tu. Jina lake ni Avelina Haule. Aliuza togwa Gongo la Mboto. Alifariki mwezi uliopita, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Alifariki kwa kiharusi. Nalisema hili mapema kwa sababu mtaani yanasemwa mengine. Alikuwa na shinikizo la damu, alikuwa akimeza vidonge vyake, na alipata kiharusi. Togwa haikumuua. Togwa pia isingeweza kumwokoa. Nawahakikishia kwamba yeye mwenyewe angetaka niseme yote mawili.

Sitawaambia kwamba alikuwa mama wa watu wote. Husemwa hivyo kwa kila marehemu, na hapo jina la marehemu linapotea. Nitawaambia alichofanya. Avelina alisema neno moja, siku moja, kwa nia njema. Alisema togwa inatibu. Neno hilo lilipita mlango kwa mlango, likaingia katika nyumba aliyoipenda, na mtoto mmoja akakaribia kufa. Tangu siku hiyo Avelina alitumia miaka yake yote iliyobaki kujaribu kulirudisha neno lile. Kulirudisha, wasikilizaji, ili lisimfikie mtoto wa pili.

Tuanze na togwa yenyewe, kwa ajili ya wale ambao hawakukulia nayo.

Avelina alizaliwa katika kijiji kimoja cha Songea. Huko togwa hupikwa kama inavyopikwa chai huku kwetu. Unapika uji wa mahindi. Unauacha upoe hadi uweze kuuvumilia kwa kidole. Unatia kimea, yaani ulezi ulioloweshwa, ukaota, ukakaushwa na kusagwa. Kisha unaongeza togwa kidogo iliyobaki jana. Hiyo iliyobaki Avelina aliiita mbegu. Unafunika na kuacha mpaka kesho. Kesho uji umekuwa mwepesi, una utamu na ukali kidogo kwa pamoja.

Kilichofanya kazi usiku kucha ni bakteria. Ni bakteria wanaotengeneza asidi, jamaa wa wale wanaogandisha maziwa. Asidi hiyo ndiyo ukali unaousikia ulimini, na ndiyo inayowazuia vijidudu wengi wabaya wasistawi mle. Kwa hiyo Avelina alikuwa mfugaji. Mifugo yake haikuonekana kwa macho.

Alikuja Dar es Salaam akiwa ameolewa na Gervas, fundi seremala, ambaye karakana yake ilikuwa Manzese na iko huko mpaka leo. Wakapanga Gongo la Mboto. Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Mwajabu, Mzaramo, mzaliwa wa hapahapa mjini. Bi Mwajabu yu hai, na sauti yake haihitaji kipaza sauti. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, nikamwamkia, nikamuuliza walijuana vipi.

"Marahaba mwanangu. Tulijuana kwa ugomvi," akasema. "Mie nimeona mwanamke wa bara kaweka ndoo kibarazani, inatoa povu. Nikamwambia, dada, pombe hiyo usinisogezee, sie hapa watu wa sala. Akaniangalia tu. Akaniambia, shikamoo. Mtu umemtukana, anakuamkia! Nikasema huyu kanishinda."

Avelina alimweleza kwamba togwa ya siku moja si pombe, na kwamba ikilazwa siku nyingi hugeuka. Ndiyo maana kila jioni alimwaga iliyobaki, isipokuwa ile mbegu. Vilevile alimwambia kwamba ndoo zake hazijawahi kubeba pombe. Hilo Bi Mwajabu alilihakikisha mwenyewe.

"Nikamwambia sikuamini. Nikaenda kukaa naye jikoni wiki nzima, namchungulia kama askari. Mwishoni nikaonja. Nikamwambia, mwenzangu, huu uji wako umechacha. Akasema ndiyo, umechacha, ongeza kikombe. Nikaongeza."

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa urafiki wao. Mmoja Mngoni Mkatoliki, mwingine Mzaramo Mwislamu. Walitaniana mpaka siku ya mwisho.

Sasa tufike kwenye lile neno.

Gervas alikatwa na msumeno mguuni. Kidonda kikaingia usaha. Hospitali wakampa antibayotiki, dozi ndefu. Kidonda kikaanza kupona, lakini tumbo likaharibika. Akawa anaharisha. Avelina akampa togwa asubuhi na jioni. Baada ya siku chache tumbo likatulia. Siku hiyohiyo, akimhudumia mteja pale kibarazani, Avelina akasema: "Togwa imemtibu mume wangu."

Wasikilizaji wapendwa, hapa tusimame kidogo. Nilimtafuta Dakta Tupokigwe, mtafiti wa vijidudu vya chakula, ambaye alimfahamu Avelina. Nilimuuliza kama kauli ile ilikuwa kweli. Alinijibu hivi. Utumbo wa binadamu una bakteria wengi kupita kiasi cha kuhesabika kirahisi. Wengi wao hutufaa. Antibayotiki zinapowaua bakteria wa ugonjwa, huwaua na hao. Nafasi inabaki wazi, na wabaya wanaweza kuishika. Baadhi ya bakteria rafiki, wakinywewa wakiwa hai na kwa wingi wa kutosha, husaidia kulinda nafasi hiyo. Hao ndio ambao wataalamu huwaita probiotiki. Kwa kuharisha kunakoletwa na antibayotiki, ushahidi ni wa kuridhisha kwa aina kadhaa za bakteria. Kwa aina hizo zilizopimwa, si kwa kila kitu kichachu.

"Kwa hiyo togwa ilimponya Gervas?" nikauliza.

"Huenda ilimsaidia," akasema Dakta Tupokigwe. "Huenda dozi ilikuwa imekwisha na tumbo likajirudi lenyewe. Kwa mgonjwa mmoja huwezi kujua."

Huwezi kujua. Lakini mtaani neno "huenda" halitembei. Linalotembea ni "inatibu." Wateja wakaongezeka. Wakaja na magonjwa yao. Avelina hakuwaita, lakini hakuwarudisha pia. Akiulizwa kama togwa inafaa kwa tumbo, alijibu kwamba inatengeneza tumbo. Aliamini anasema kweli.

Bi Mwajabu ana binti, anaitwa Nusaiba. Nusaiba alikuwa na mtoto wake wa kwanza, Abdulrahman, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kutimiza mwaka na anaanza kusimama kwa kushika kiti. Avelina alimbeba mtoto yule kuliko alivyobeba kitu kingine chochote mtaani. Masika yale mtoto akaanza kuharisha na kutapika. Bi Mwajabu alikuwa amesafiri kwenda Mafia kwenye harusi. Nusaiba alikuwa peke yake. Simulizi hii ni ya kwake.

"Ile wiki lilikuwa linapita gari la matangazo," akaniambia. "Linasema kuna kipindupindu, chemsheni kila kitu. Mie nikachukua togwa ya Mama Fredi, nikaitia sufuriani, nikaichemsha kabisa mpaka inatokota. Nikasema hapa nimeua wadudu, imebaki dawa tupu. Nikawa nampa. Anatapika, nampa tena. Siku ya pili analala tu. Nikasema afadhali, kapata usingizi."

Nilimrudishia Dakta Tupokigwe maelezo hayo. Akasema: "Kuchemsha si kosa la mtu mjinga. Aliambiwa achemshe, akachemsha. Ila hapo aliwaua hata wale bakteria aliokuwa anawategemea. Na hata angewaacha hai, bado wasingetosha. Mtoto anayeharisha na kutapika hafi kwa kukosa bakteria. Anakufa kwa kukosa maji na chumvi."

Narudia, wasikilizaji. Anakufa kwa kukosa maji na chumvi. Togwa yoyote, mbichi au iliyochemshwa, haichukui nafasi ya ORS, ule unga wa pakiti wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji safi.

Bi Mwajabu alirudi mchana wa siku ya pili. Aliweka begi chini, akamtazama mjukuu, akaona macho yameingia ndani. Akabana ngozi ya tumbo la mtoto. Haikurudi upesi. Hakuuliza swali. Alimnyakua mtoto, akasimamisha bajaji barabarani kwa mkono mmoja. Avelina aliona kutoka kibarazani kwake, akaacha wateja wamesimama, akapanda naye.

Hospitali walimlaza mtoto, wakamtafuta mshipa kwa shida, wakamtundikia dripu. Muuguzi akauliza nyumbani amepewa nini. Nusaiba, aliyekuwa amewafuata, akajibu: "Togwa ya Mama Fredi. Si inatibu tumbo?"

Mama Fredi ni Avelina. Alikuwa amesimama nyuma yake.

Nilimuuliza Bi Mwajabu kama alimlaumu. "Nimlaumu vipi?" akasema. "Mie mwenyewe nilikuwaga nawaambia watu, nendeni kwa Avelina kuna dawa. Nimemtangaza mpaka Chanika. Sikumwambia neno. Na lile ndilo lililomuumiza. Bora ningemtukana, angenijibu, tungekwisha."

Abdulrahman aliishi. Leo yuko darasa la nne, na kwa maelezo ya bibi yake anakula kama mchimba kisima. Lakini usiku ule haikujulikana kama ataishi. Avelina alikaa kwenye benchi la nje mpaka asubuhi. Alfajiri muuguzi alipotoka kusema mtoto amekojoa, Avelina aliinama akashika uso. Mtoto amekojoa maana yake maji yamerudi mwilini. Hilo alilijua. Halikuwa la kupinga wala la kubuni.

Kwa muda wa wiki kadhaa hakupika. Ndoo zilikaa zimepinduliwa. Gervas alimwambia aache kabisa, wapo watu wanaoishi bila kuuza togwa. Lakini Avelina alikuwa ameona jambo ambalo mumewe hakuliona. Kama angeacha, neno lingebaki palepale. Watu wangenunua kwa mwingine, wakisema ya Mama Fredi ndiyo ilikuwa dawa hasa. Aliyelisema ndiye aliyepaswa kulikanusha, na pa kulikanushia palikuwa palepale, mbele ya ndoo.

Ndipo akakutana na Dakta Tupokigwe, ambaye wakati ule alikuwa akizunguka na wanafunzi wake kununua togwa na maziwa mgando ili kuwapima bakteria waliomo. Avelina aliwapa bure, kwa sharti kwamba warudi kumwambia walichokiona. Walirudi. Dakta anayakumbuka mazungumzo hayo vizuri.

"Aliniuliza, hao wadudu wangu wana faida au hawana? Nikamwambia, ni bakteria wa familia nzuri. Lakini wa leo si lazima wawe walewale wa kesho, maana togwa ya nyumbani hubadilika. Hatuwezi kuiita probiotiki mpaka tujue ni aina gani, wako wangapi, na imethibitishwa wanafanya nini kwa mtu. Akaniambia, kumbe miaka yote nawasifia watu nisiowajua hata majina!"

Akauliza maswali mengine, moja baada ya jingine. Je, wenye sukari? Ushahidi ni mdogo, na togwa ina wanga. Wenye presha? Wasiache vidonge. Watoto wachanga? Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Wagonjwa ambao kinga ya mwili imeshuka sana? Hapo Dakta alimwambia jambo ambalo Avelina alikuwa halijui kabisa: kwamba kwa mgonjwa aliyedhoofika mno, hata bakteria rafiki wanaweza kuingia kwenye damu na kumdhuru. Ni nadra, lakini hutokea. Mgonjwa wa namna hiyo amuulize daktari wake kwanza.

Basi Avelina akarudi kibarazani. Akachemsha uji, akatia kimea, akatia mbegu aliyoomba kwa binamu yake, kwa kuwa ya kwake ilikuwa imekufa. Na kwa kila aliyekuja, kabla ya kuchota, alisema: "Karibu. Togwa ni chakula. Si dawa."

Wasikilizaji wapendwa, mngetarajia watu wamwamini. Hawakumwamini. Walicheka. Wakampa jina: Mama Si Dawa. Na jinsi alivyozidi kukanusha ndivyo walivyozidi kuamini. Bi Mwajabu alikuwa akikaa pale karibu na ndoo, akiwasikia.

"Mmoja akamwambia mwenzie, unaona? Dawa ya kweli haijisifu! Mwingine anasema, sista, hapo ishu ni serikali, wamemkataza kusema. Avelina akaweka upawa chini. Akaniambia, Mwajabu, nikisema ni dawa wananiamini, nikisema si dawa wananiamini zaidi. Sasa nisemeje? Nikamwambia sema ni sumu. Akasema, hapo watapanga foleni."

Aliyefuata kumkwamisha alikuwa mwanawe mwenyewe. Fredrick anafanya kazi ya uchapishaji wa mabango na stika. Alimpenda mama yake, na aliona chupa za togwa zinatoka bila jina. Akamtengenezea stika. Nzuri, za rangi, zenye picha ya mtama. Chini zimeandikwa: inatibu tumbo, presha na sukari. Alizibandika kwenye chupa tupu za mama yake, akaja nazo kwa furaha.

Fredrick hakujitetea aliponihadithia.

"Mama alizitazama. Kwanza akasema, baba, huu ni mtama, mimi natumia ulezi. Nikadhani ndiyo hilo tu. Halafu akachukua kisu cha jikoni, akakaa kibarazani, akaanza kubandua. Moja moja. Nikamwambia, mama, hayo ni maneno ya biashara, kila mtu anaandika. Hakuniangalia. Akasema, Abdul naye alikuwa maneno ya biashara? Nikaleta kisu cha pili, nikakaa naye."

Siku chache baada ya hapo alikuja mama mmoja kijana, anaitwa Flaviana, akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto anaharisha. Alitaka togwa. Avelina akasema hauzi. Flaviana akasema atalipa zaidi. Avelina akasema hauzi, aende zahanati. Flaviana akaanza kulia. Alisema zahanati kuna foleni, na kwamba ametoka mbali, na kwamba watu wote wamemwambia aje hapa.

Bi Mwajabu alishuhudia kilichofuata. Anasema Avelina aliinua upawa. Kisha akachukua kikombe cha bati, akachota togwa ikajaa, akakiweka mezani. Flaviana akanyoosha mkono. Avelina akachukua kisahani, akakifunika kikombe.

"Hiki ni chako," akamwambia. "Hakuna mtu atakigusa. Nenda zahanati. Wampe ORS, wampe vidonge vya zinki, wamtazame. Ukitoka, pita hapa. Mtoto atakuwa na njaa. Hulipi."

Flaviana akafuta macho. "Sasa mama, kama si dawa, mbona unaniwekea?"

"Kwa sababu ni chakula, mwanangu. Chakula hakiharibiki kwa kusubiri foleni."

Flaviana alikwenda. Akarudi jioni. Kikombe kilikuwa palepale, kimefunikwa. Mtoto alikunywa kidogo kidogo, na pakiti za ORS zilikuwa kwenye mfuko wa mama yake.

Huo ukawa utaratibu. Mwenye mgonjwa hauziwi. Anawekewa kikombe, kinafunikwa, anakwenda zahanati, anarudi, anapewa bure. Siku nyingine vilikaa vikombe vitatu kwenye meza ile, vyote vina visahani juu. Wapita njia waliuliza ni vya nini, na walioulizwa walieleza. Kwa njia hiyo jambo alilolisema kwa miaka bila kuaminiwa likaanza kusemwa na watu wengine. Kwanza zahanati, kisha kikombe.

Nilizungumza na Muuguzi Apolonia, wa zahanati iliyo karibu.

"Walikuwa wanaingia kwa haraka," akasema, huku akicheka. "Anakwambia, nesi, nione upesi, kikombe changu kinanisubiri kwa Mama Si Dawa. Sisi hatukujali kilichomleta. Amefika, basi. Na mtoto aliyekwisha kupewa ORS akala uji wake, hilo sisi wenyewe ndilo tunaloshauri. Asiache kula, asiache kunyonya."

Nilimuuliza waliofika kwa njia hiyo ni wangapi, na kama idadi ya watoto waliozidiwa ilipungua. Akasema hana takwimu. Nami sina. Sitawaambia kwamba Avelina aliokoa watoto kadhaa, kwa sababu sijui. Nawaambia kwamba walifika zahanati, na walifika mapema. Hilo lilishuhudiwa.

Mwezi uliopita, asubuhi, Avelina aliangusha upawa. Mkono wa kulia haukufanya kazi. Bi Mwajabu alimwona mdomo umekwenda upande, na safari hii pia hakuuliza swali. Walimfikisha hospitali ya wilaya kabla ya saa sita. Akalazwa.

Siku ya pili Bi Mwajabu alimpelekea togwa. Nilimwomba anieleze, akanieleza mara moja tu.

"Niliipika mie mwenyewe, kwa ndoo yake, kwa mbegu yake. Nikamimina kikombe. Yule akafungua jicho, akaona. Ulimi mzito, lakini nikamsikia. Si... dawa. Nikamwambia, najua si dawa, mwenzangu, kelele zako nimezisikia miaka yote hiyo. Nimekuletea chakula. Akacheka upande mmoja. Nesi akaja, akasema mama, asinywe chochote kwa mdomo, atapaliwa, mpaka daktari amwone kama anaweza kumeza. Nikasema sawa. Nikatafuta kisahani. Nikakifunika kikombe, nikakiweka hapo kwenye kabati lake. Nikamwambia, haya, hiki ni chako. Hakuna mtu atakigusa. Akanikonyeza."

Avelina Haule alifariki jioni hiyo. Kikombe kilikuwa palepale, kimefunikwa.

Alizikwa Chanika, ambako yeye na Gervas walikuwa wamejenga. Msibani Bi Mwajabu alivaa khanga ya marehemu, akashika upawa, akasimama mlangoni na, kama mtani afanyavyo msibani, kumkatalia kila aliyetaka kuingia kula. "Umetoka zahanati? Hujatoka? Rudi!" Hata padri aliulizwa. Watu waliokuwa wakilia walicheka, kisha wakaendelea kulia. Gervas alisema: "Mwacheni. Anaiga vizuri."

Kuna jambo moja la mwisho, na nimelihakikisha kwa watu wawili. Togwa iliyokaa wodini ilimwagwa, kwa sababu Avelina asingekubali kitu kilichotoka wodini kiingie kwenye ndoo yake. Lakini nyumbani ilibaki ile ndoo ya mwisho, aliyoipika Bi Mwajabu. Siku ya pili ya matanga Nusaiba alipika uji, akaupoza hadi ukavumilika kwa kidole, akatia kimea, kisha akatia mbegu kutoka ndoo ile. Hakuichemsha tena baada ya hapo. Akafunika. Kwa hiyo, wasikilizaji, bakteria aliowafuga Avelina wako hai. Wapo Gongo la Mboto, na leo asubuhi Nusaiba alikuwa akiwauza kama chakula. Niliona meza. Ilikuwa na kikombe kimoja chenye kisahani juu.

Kwa mzee Gervas, kwa Fredrick, kwa ndugu wote wa Songea na wa Dar es Salaam, na kwa Bi Mwajabu, ambaye sheria za ukoo hazimtambui lakini msiba ni wake pia, tunawapa pole. Mwenyezi Mungu ampumzishe marehemu mahali pema.

Nasi tuliobaki tujiulize. Kila mmoja wetu amewahi kumwambia jirani: tumia hiki, kinatibu. Majani, mafuta, unga, vidonge alivyobaki navyo. Tulijua, au tulisikia? Aliyetuamini yuko wapi sasa? Kama tunamkumbuka, tumfuate leo tukamweleze kile tunachokijua na tusichokijua. Avelina alifanya hivyo kila siku, akiwa na upawa mkononi, mbele ya watu waliomcheka.

Mtoto akiharisha, mpe ORS, mpeleke zahanati. Kikombe kitasubiri.